Jinsi ya kupima na kufuatilia mafuta ya damu kwa mgonjwa wa skizofrenia

Maswali ni yale yale. "Sauti zimenyamaza, anaongea na watu tena, lakini kwa miezi minne ameongezeka kilo kumi na moja. Ni kawaida?" "Maabara wameandika trigliseridi 310. Leo nisimpe dawa?" "Daktari wa akili ananituma kwa daktari wa kawaida, na huyo ananirudisha kwa wa akili. Sasa nani anapima?" Nimeyajibu kwenye simu na kwenye mabenchi ya kusubiria mpaka nikaona niyaandike yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kufuata.

Mimi si daktari. Huu ni mwaka wa tisa namuuguza mdogo wangu. Miaka miwili ya mwanzo hakuna aliyempima mafuta ya damu hata mara moja, kwa sababu kila kliniki iliamini nyingine imeshapima. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache. Kinachokosekana ni mtu wa kukikumbuka, na mtu huyo inabidi awe wewe. Kama wewe ndiye unayetumia dawa, kila nitakaposema "mgonjwa wako", jua nasema nawe.

Kwa nini tuhangaike na mafuta

Kwa ufupi tu. Watu wenye skizofrenia hufariki mapema kuliko wenzao, kwa miaka kumi hadi ishirini hivi, na maradhi ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoongoza kuwaua. Lehemu, ambayo maabara nyingi huiandika kolesteroli, ikizidi kwa miaka hujikusanya kwenye kuta za mishipa. Trigliseridi, ambayo ni aina nyingine ya mafuta ya damu, ikipanda mno inaweza kuumiza kongosho. Vyote viwili vinapanda bila maumivu yoyote, kwa hiyo usisubiri alalamike.

Sehemu ya tatizo inatokana na dawa: baadhi yake huziba vipokezi vya histamini na serotonini kwenye ubongo, na mtu anakula asishibe. Sehemu nyingine ni kukaa sana, sigara na usingizi uliovurugika. Lakini kuna sehemu ya ugonjwa wenyewe pia. Kwa watu walioanza kuugua ambao hawajameza kidonge hata kimoja, tafiti zimekuta trigliseridi iko juu kuliko ya watu wengine, huku lehemu yao ya jumla na LDL (aina ya lehemu inayoziba mishipa) zikiwa chini. Kwa hiyo lehemu nzuri ya siku ya kwanza isikulaze usingizi.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Daftari moja la kazi hii tu. Karatasi moja moja hupotea.
- Mizani. Si lazima iwe ya gharama, ila iwe ile ile kila mara.
- Tepu laini ya kupimia, kama ya fundi nguo.
- Orodha ya dawa zote anazotumia, zikiwemo sindano za mwezi na dawa za mitishamba, na tarehe kila moja ilipoanza.
- Historia ya ukoo: nani ana kisukari, nani alipata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55 kwa mwanamume au 65 kwa mwanamke.
- Ridhaa yake.

Hilo la mwisho wengi hulipita haraka, nami naomba usimame hapo. Mtu ambaye ugonjwa umewahi kumwaminisha kwamba anafuatiliwa hapaswi siku moja kukuta daftari la siri lenye uzito wake na tarehe. Mwambie mapema unachoandika na sababu yake. Mpe daftari alishike. Akitaka kuandika namba mwenyewe, mwache aandike. Akikataa, ahirisha na umuulize tena wiki nyingine, bila kumvizia.

Hatua zenyewe

1. Omba kipimo cha mwanzo. Siku dawa inapoandikwa, au ndani ya siku chache, sema hivi: "Kabla hajazoea dawa, tunaomba apimwe mafuta ya damu, sukari, presha, uzito na kiuno." Bila namba za mwanzo, lehemu ya 210 mwezi wa tatu haikuambii kama imepanda au ndivyo alivyokuwa siku zote. Kama ameletwa katika hali ya hatari, matibabu yaanze kwanza, damu itachukuliwa akitulia. Na kama ameshatumia dawa miaka sita bila kupimwa, basi mwanzo wenu ni wiki hii.

2. Jua dawa yake iko wapi kwenye ngazi. Zinazopandisha uzito na mafuta zaidi ni klozapini na olanzapini. Kwetiapini, risperidoni na paliperidoni ziko katikati. Aripiprazoli, lurasidoni na ziprasidoni ziko chini, na katika zile za zamani haloperidoli iko chini pia, ila klopromazini haimo katika kundi hilo la chini. Kwa klozapini na olanzapini, trigliseridi inaweza kupanda katika wiki za mwanzo, hata kabla mizani haijaonyesha kitu cha kutisha.

*Kosa la kawaida:* kuisoma ngazi hii na kwenda kudai dawa ibadilishwe kesho. Klozapini hupewa mtu ambaye dawa nyingine angalau mbili zimeshindwa kumsaidia, na mara nyingi hakuna ya kuziba nafasi yake. Halafu kuna jambo ambalo linanipa moyo kila nikilikumbuka. Nchini Finland walifuatilia wagonjwa zaidi ya 66,000 kwa miaka 11, matokeo yakatoka mwaka 2009: waliokuwa wakitumia dawa kwa muda mrefu walikufa wachache kuliko ambao hawakutumia kabisa, na wa klozapini walikuwa na vifo vichache kuliko wa dawa nyingine. Dawa inayopandisha mafuta inaweza kuwa hiyo hiyo inayomweka mtu hai. Kazi yako ni kulinda vyote viwili, akili na moyo.

3. Pima uzito na kiuno nyumbani. Wiki sita za mwanzo pima kila wiki, kisha kila mwezi. Apime asubuhi, baada ya kwenda haja, kabla ya kula, akiwa na nguo nyepesi. Kiuno kipimwe katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, akiwa ametoa pumzi, na tepu iguse ngozi bila kubana. Usipime pale mkanda wa suruali unapokaa, maana mkanda hushuka chini ya kitambi na namba inabaki ile ile.

Akiongezeka asilimia tano ya uzito wa mwanzo, nenda kwa daktari. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni kilo tatu tu. Najua zinaonekana ndogo, na ndugu watasema amenawiri. Nenda hivyo hivyo, kwa sababu kuzuia kilo ni rahisi sana kuliko kuziondoa baadaye.

4. Jiandaeni kwa siku ya damu. Akae bila kula saa 9 hadi 12. Maji anakunywa. Pombe asiguse siku mbili kabla. Chakula kiwe cha kila siku: mtu akijinyima wiki nzima ili majibu yapendeze, daktari atapata namba zisizo zake.

Dawa ya usiku anameza kama kawaida. Ya asubuhi, kwa wengi, inamezwa na maji bila shida, lakini uliza. Kwa klozapini, kama siku hiyo watapima pia kiwango cha dawa kwenye damu, dozi ya asubuhi inasubiri hadi damu itolewe. Anayetumia klozapini hutolewa damu mara kwa mara kuangalia chembe nyeupe, basi omba mafuta yapimwe kwa damu hiyo hiyo. Mdogo wangu anaogopa sindano, na kuunganisha vipimo ndiko kulikomfanya aache kukimbia.

Chagua nafasi ya kwanza ya asubuhi. Kumwambia mtu wa olanzapini asile hadi saa tano ni kumtesa bure. Na ukigundua aliamka usiku akala, usimkaripie wala usimrudishe nyumbani. Lehemu ya jumla na HDL (aina ya lehemu inayolinda mishipa) hazibadiliki sana kwa mlo mmoja. Inayopanda ni trigliseridi. Mwambie mpimaji aandike kwamba alikula, na saa aliyokula. Kama trigliseridi itatoka juu, mtarudia akiwa hajala.

Ila akiwa na homa au ametoka kuugua vibaya, subirini wiki kadhaa. Ugonjwa mkali hushusha lehemu kwa muda na kukudanganya.

5. Soma karatasi ya majibu. Anza na kizio, kabla hata ya namba. Maabara nyingine hutumia mg/dL, nyingine mmol/L, na nimeona watu wakilia kwa kulinganisha 5 ya mwaka jana na 193 ya mwaka huu, kumbe ni kitu kimoja. Kutoka mg/dL kwenda mmol/L, lehemu za aina zote gawanya kwa 38.7, trigliseridi gawanya kwa 88.6.

- Lehemu ya jumla: inatakiwa chini ya 200 mg/dL (5.2 mmol/L).
- LDL, inayoziba mishipa: chini ya 100 (2.6) ni nzuri, 160 (4.1) na kuendelea iko juu, 190 (4.9) na kuendelea iko juu sana.
- HDL: hii isiwe ndogo. Chini ya 40 (1.0) kwa mwanamume au 50 (1.3) kwa mwanamke ni upungufu.
- Trigliseridi: chini ya 150 (1.7) ni sawa. Kuanzia 200 (2.3) iko juu. Kuanzia 500 (5.6) kongosho linaingia hatarini, na ikipita 1,000 (11.3) hatari ni kubwa.

Chukua mfano wa yule wa 310. Tuseme lehemu yake ya jumla ni 220 na HDL 38. Maabara nyingi hazipimi LDL, huikokotoa: jumla, toa HDL, toa trigliseridi iliyogawanywa kwa tano. Yaani 220 toa 38 toa 62, inabaki 120. Mtu anaona 120 anapumua. Lakini toa HDL peke yake kwenye jumla: 220 toa 38 ni 182. Hiyo ndiyo lehemu yote mbaya kwa pamoja, nayo inatakiwa chini ya 130. Kwa wagonjwa wetu, ambao mara nyingi wana trigliseridi ya juu na HDL ndogo, hesabu hii ya pili husema kweli zaidi. Na trigliseridi ikizidi 400 mg/dL, hesabu ya LDL haiaminiki tena, inabidi ipimwe moja kwa moja.

Kwa hiyo 310 si dharura, wala si ya kupuuza. Dawa ya leo anameza.

6. Weka ratiba na uiandike kwenye kalenda. Mara ya pili ni wiki ya 12 baada ya kuanza dawa. Mambo yakiwa sawa, kila mwaka. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2004 uliruhusu kukaa hadi miaka mitano kama mafuta yako sawa. Kwa mtu anayemeza dawa hizi kila siku naona ni muda mrefu mno, na miongozo mingi iliyofuata inasema mwaka. Dawa ikibadilishwa, hesabu ya wiki 12 inaanza upya. Hapa ndipo wengi huteleza: dawa mpya, ratiba ya zamani.

7. Peleka majibu kwa daktari, na usitoke bila jina la mwenye jukumu. Andika ukurasa mmoja: dawa na dozi, uzito wa mwanzo na wa sasa, kiuno, presha, sukari, mafuta. Toa nakala mbili, moja ya daktari wa akili na moja ya daktari wa kawaida. Kisha uliza:

- Je, dozi inaweza kupungua bila kumrudisha kwenye ugonjwa?
- Kuna dawa nyepesi zaidi kwa mafuta ambayo ingemfaa?
- Metfomini, ile dawa ya kisukari, ingesaidia kuzuia uzito?
- Je, amefikia hali ya kuhitaji statini, yaani dawa ya kushusha lehemu?
- Mmeangalia tezi ya thairoidi, figo na sukari? Hizo nazo hupandisha mafuta, na si kila namba ya juu ni kosa la dawa ya akili.
- Kati yenu, nani atafuatilia hili?

Swali la mwisho liulize kwa heshima, lakini liulize. Andika jibu mbele yake.

8. Anza na kinywaji, ndipo chakula. Dawa nyingi hizi hukausha mdomo, mtu ana kiu kutwa, na kiu hiyo huishia kwenye soda na juisi. Sukari ya vinywaji hupandisha trigliseridi haraka. Kubadilisha vinywaji hivyo kuwa maji ndilo badiliko moja nililoona likifanya kazi kuliko yote. Weka chupa ya maji baridi karibu naye, mahali soda ilipokuwa ikikaa.

Njaa ya usiku ipangie. Ukifunga kabati, umeanzisha vita. Acha kitu cha kutafuna chenye nyuzinyuzi mahali anapofikia. Punguza vya kukaangwa na mafuta yanayoganda, ongeza mboga, kunde na samaki, na nyumba nzima ile hivyo. Chakula cha mgonjwa peke yake humwambia kwamba yeye si mwenzenu. Kwa wa klozapini, nyuzinyuzi ziende na maji mengi, kwa sababu dawa hiyo hufunga choo, wakati mwingine kwa hatari. Akipitisha siku tatu bila choo, daktari ajue.

Kuhusu mazoezi, tafadhali usiseme ni mvivu. Skizofrenia yenyewe huiba hamu ya kuanza jambo, na dawa huongeza usingizi. Maneno "nenda ukatembee" hayamwinui. Maneno "nisindikize" humwinua. Tumeanza na dakika kumi, baada ya miezi tukafika nusu saa, siku nyingi za wiki. Kuna wiki tunarudi kwenye kumi.

9. Sigara: asiache bila daktari kujua. Kuacha ni zawadi kubwa kwa moyo, na HDL hupanda. Lakini moshi wa sigara hulifanya ini livunje klozapini na olanzapini haraka. Moshi ukikoma ghafla, dawa hupanda kwenye damu ndani ya siku chache, na mtu anaweza kulewa dawa, kusinzia mno au hata kupata degedege. Daktari hupunguza dozi na kupima kiwango. Chanzo ni moshi, si nikotini, kwa hiyo bandiko au chingamu ya nikotini haizuii hali hiyo. Akilazwa wodi isiyoruhusu sigara, mwambie muuguzi siku ile ile kwamba ni mvutaji.

10. Akipewa statini. Inamezwa kila siku, hata akijisikia vizuri. Rudieni kipimo baada ya wiki 4 hadi 12. Misuli ikiuma bila sababu au mkojo ukiwa wa rangi ya chai nzito, nendeni mapema. Mwanamke mwenye mimba au anayeitafuta aseme kabla. Balungi aliepuke kama anatumia simvastatini, atovastatini, kwetiapini au lurasidoni.

Mambo yakikwama

*Namba zimeruka ghafla.* Kabla ya hofu: alikuwa amekula? Kizio ni kile kile? Pombe? Dawa mpya, hasa za steroidi au valproati? Rudieni kipimo akiwa hajala.

*Uzito haujaongezeka lakini trigliseridi iko juu.* Inawezekana kabisa. Wembamba si cheti. Angalieni sukari ya damu pia.

*Amesikia dawa "inajaza mafuta" na amegoma kuimeza.* Usibishane naye wala usimfichie dawa kwenye chakula. Mpeleke akamweleze daktari mwenyewe, na muende na namba. Mgomo wa aina hii una sababu ya kweli ndani yake, na akisikilizwa mara nyingi hulegea. Klozapini iliyokosekana kwa zaidi ya siku mbili isirudishwe kwa dozi ileile ya zamani. Pigeni simu kwanza, maana huanzwa upya kidogo kidogo.

*Amefanya kila kitu na namba hazishuki.* Hutokea, na si kosa lake. Ndipo statini au mabadiliko ya dawa yanapoingia. Mwambie hivyo waziwazi, kwa sababu wengi huona aibu na kuacha kupima.

*Maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika.* Hospitali sasa hivi, inaweza kuwa kongosho. Kiu isiyoisha, mkojo mwingi, kutapika na kupumua kwa nguvu ni hospitali vilevile, inaweza kuwa sukari imepanda mno. Kifua kubana, uso kupinda au mkono kulegea, usingoje asubuhi. Ukifika, taja maumivu kwanza, ndipo utaje skizofrenia na dawa zake. Ukianza na skizofrenia, kuna watakaodhani amekuja kwa sababu ya akili, na tumbo litasubiri.

*Mnahama kliniki.* Piga picha kurasa zote za daftari usiku wa kabla, na siku ya kwanza kule kwenye kliniki mpya mweleze daktari tarehe ya kipimo kijacho.